Mwajibikaji kibandani, sapu chuoni: uchambuzi wa kisa cha mwanafunzi anayefanya kazi

Mwanafunzi wa mwaka wa pili wa shahada ya biashara, mchepuo wa uhasibu, katika chuo kikuu cha umma Dar es Salaam, amemaliza muhula wa kwanza na GPA (wastani wa pointi za alama, ya juu kabisa ikiwa 5) ya 2.6 na sapu moja, yaani somo moja alilofeli na linalohitaji mtihani wa marudio. Mwaka mmoja nyuma, muhula kama huo huo, alipata 4.0. Kwenye kibanda cha uwakala wa pesa anakofanya kazi jioni, huyu huyu ndiye anayeaminiwa kuliko wenzake wote: hachelewi, daftari lake ni safi, na mwenye kibanda amemwachia funguo. Nyumbani wamelieleza anguko lake kwa neno moja, uzembe. Hatukubaliani nalo. Mzembe hakabidhiwi mtaji wa shilingi milioni 3 kila jioni akaurudisha ukiwa kamili.

Kisa hiki kimeunganishwa kutokana na hali zinazojirudia kwa wanafunzi wanaofanya kazi, na tarakimu za mhusika ni za mfano. Kanuni za alama, krediti (kipimo cha uzito wa somo) na mikopo ndizo zinazotumika Tanzania, na tafiti zinazotajwa ni za kweli.

Tunachotaka kuonyesha ni hiki. Hulka ya uwajibikaji humsaidia mwanafunzi pale masomo yanapomdai hesabu mara kwa mara. Kazi ya kulipwa ikidai kila usiku, na chuo kikidai mara mbili tatu kwa muhula, hulka ile ile iliyomletea 4.0 huhamia kazini. Ndiyo maana kumwambia mwanafunzi wa namna hii "jitahidi" hakumsaidii kitu. Anajitahidi tayari, ila mahali pengine.

Alama zilipotelea wapi

Muhula una masomo matano yenye krediti 12 kila moja, jumla 60. Alama ya A hulipwa pointi 5, B+ pointi 4, B pointi 3, C pointi 2 na D pointi 1. Mwaka wa kwanza muhula wa kwanza, kabla hajaanza kazi, alikusanya pointi 20 katika masomo matano, yaani 4.0. Muhula wa pili alianza kufanya kazi wikendi tu akapata pointi 18, yaani 3.6. Muhula tunaouchambua alipata B+ moja, B mbili, C moja na D moja: pointi 13, yaani 2.6.

Kwa jumla ana pointi 51 kwa masomo 15, sawa na 3.4. Tarakimu hiyo inauma kwa sababu daraja la pili la juu huanzia 3.5. Akiendelea na mwendo wa 2.6 kwa mihula mitatu iliyobaki, atamaliza na pointi 90 kwa masomo 30, yaani 3.0. Akitaka 3.5 anahitaji pointi 105, na kwa hiyo wastani wa 3.6 hadi mwisho. Hesabu hii ilipaswa kufanywa kabla ya ushauri wowote. Wanafunzi wengi huona GPA imeshuka bila kujua wanahitaji kupanda kiasi gani, na hapo ndipo wengine hukata tamaa mapema mno huku wengine wakijiliwaza bila sababu.

Somo la sapu ni Takwimu za Biashara. Alipata 16 kati ya 40 za kazi za muhula na 22 kati ya 60 za UE, mtihani wa mwisho wa muhula. Jumla 38, ambayo ni D. C, alama ya chini ya kufaulu, huanzia 40. Alikosa alama mbili tu. Ukizifungua zile 16 unakuta testi ya kwanza 9 kati ya 15, testi ya pili 3 kati ya 15, na kazi ya kikundi 4 kati ya 10. Testi ya pili ilifanyika tarehe 28 saa 2 asubuhi. Usiku wa tarehe 27 watu walikuwa wamepokea mishahara, kibanda kilifurika, na hesabu ilipofungwa ikaonekana shoti (upungufu) ya shilingi 40,000. Alikesha hadi saa 6 usiku akipitia muamala mmoja mmoja. Aliipata: mteja mmoja alikuwa amekatwa 50,000 kwenye simu badala ya 90,000 aliyopewa taslimu. Kitabu cha takwimu hakikufunguliwa usiku ule.

Hadi hapa mtu anaweza kusema ni bahati mbaya ya siku moja. Semina zinaonyesha vinginevyo. Semina ya takwimu ilikuwa Jumatano saa 10 hadi saa 11 jioni, na zamu yake kibandani ilianza saa 10. Kati ya semina 13 alihudhuria 5. Mahudhurio ya semina hayakuwa yakiandikwa, tofauti na vipindi vya mhadhara ambako kuna karatasi ya kusaini na sharti la asilimia 75. Mihadhara hakukosa hata mmoja. Ndani ya chuo kile kile, na hata ndani ya somo lile lile, alikuwepo palipokuwa na hesabu na hakuwepo pasipokuwa nayo. Bahati mbaya ni kwamba maswali ya takwimu hufundishwa kwenye semina. Mhadhara unatoa kanuni tu.

Kazi yenyewe inavyodai

Anayetaka kumwelewa mwanafunzi huyu lazima aielewe kazi ya wakala. Mtaji ni milioni 3, umegawanyika kati ya pesa taslimu kwenye droo na floti, yaani salio la wakala, kwenye laini za mitandao: M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas, HaloPesa. Mteja akiweka pesa, taslimu inaongezeka na floti inapungua kwa kiasi kile kile. Akitoa, inakuwa kinyume chake. Kwa hiyo saa 4 usiku taslimu ukijumlisha na floti zote lazima urudi kwenye milioni 3. Isiporudi, tofauti ni ya mfanyakazi. Katika kibanda hiki shoti hukatwa kwenye mshahara.

Tazama jinsi mpango huu ulivyo mkali. Kazi ina kipimo kimoja kisichobishaniwa, jibu linapatikana usiku ule ule, kosa lina bei ya shilingi kamili, na kuna mtu anayepiga simu saa 4 na nusu kuuliza "umefungaje?" Mtu mwenye hulka ya kuwajibika akiwekwa mahali pa namna hiyo hujikusanya wote, na humpa tajiri, yaani mwenye kibanda, uangalifu wake wa daraja la kwanza. Linganisha na somo la krediti 12, ambalo kwa kanuni za Tanzania ni saa 120 za kujifunza, vipindi vikiwemo. Saa zile ambazo si za darasani haziulizwi na mtu yeyote hadi wiki ya 6 au ya 7.

Kibanda kilikuwa na siku zake ngumu pia, kuanzia tarehe 24 hivi hadi tarehe 5 ya mwezi unaofuata. Ratiba ya testi haijui siku hizo, na tajiri haijui ratiba ya testi. Aliyezijua zote mbili ni mwanafunzi peke yake, na hakuwahi kuziweka kwenye karatasi moja.

Analipwa shilingi 200,000 kwa mwezi kwa siku sita kwa wiki. Mkopo wa Bodi ya Mikopo anao. Fedha za chakula na malazi zilizopandishwa kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku humfikia, lakini bumu, yaani pesa hizo za mkopo, huja kwa awamu, wakati mwenye nyumba hutaka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Awamu ikiingia, nusu inaishia kwenye kodi. Kutoka kwenye mshahara, 60,000 inakwenda nyumbani kila mwezi. Hafanyi kazi kwa ajili ya simu mpya au mitoko, na ushauri wowote unaoanza na "acha kazi" ungekufa siku aliyopewa.

Saa zipo, na bado hazitoshi

Aliombwa aandike matumizi ya muda kwa wiki mbili, akiandika kila jioni na si mwisho wa wiki kwa kukumbuka. Wastani wa wiki ulikuwa huu: vipindi 18, zamu 36, kufunga hesabu 3, daladala 10, usingizi 45.5, na kupika, kula, kufua, ibada na mengineyo 21. Jumla saa 133.5. Wiki ina 168. Zinabaki 34.5.

Krediti 60 ni saa 600. Ukizigawa kwa wiki 15 unapata 40 kwa wiki. Toa 18 za vipindi, anahitaji saa 22 za kusoma mwenyewe. Kwa karatasi basi ana ziada ya saa 12 na nusu! Hapa ndipo washauri wengi huishia: "Muda unao, jipange." Daftari lake lakini lilionyesha amesoma saa 9 tu kwa wiki, 6 kati ya hizo zikiwa za Jumapili.

Jibu lipo kwenye umbo la saa zenyewe. Saa 11 kati ya 34.5 zilikuwa vipande vya dakika 40 au 50 kati ya kipindi na kipindi. Nane zilikuwa za usiku, baada ya kufika nyumbani saa 5, kichwa kikiwa bado kinajumlisha noti. Tano na nusu zilikuwa za asubuhi zile ambazo vipindi vinaanza saa 4. Kumi ndizo za Jumapili. Swali la takwimu la kupima dhana, lenye jedwali na hatua tano au sita, halimalizwi ndani ya kipande cha dakika 40 na mtu ambaye hakuwa semina. Analianza, anakwama hatua ya tatu, kipindi kinaingia. Jioni yake akilirudia anaanza upya. Vipande vile vinafaa kwa kusoma madesa (maandishi ya masomo) na kupitia fasili, na ndivyo alivyovitumia. Matokeo yanaendana: masomo ya maelezo alipata B na B+, ya hesabu akapata C na D.

Kwa taarifa ya msomaji, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki kwa mfanyakazi wa kawaida. Huyu ana 39 ukihesabu kufunga hesabu, na juu yake kuna shahada nzima.

Utafiti unasema nini kuhusu hulka

Wanasaikolojia hupanga hulka katika makundi makubwa matano: uwajibikaji, udadisi, uchangamfu, upole kwa watu na wasiwasi. Mwaka 2009 Arthur Poropat wa Chuo Kikuu cha Griffith, Australia, aliunganisha tafiti zenye washiriki zaidi ya 70,000 akakuta uwajibikaji ndio unaoshikamana zaidi na alama. Kipimo cha uhusiano kilikuwa 0.22, pale ambapo 0 ni hakuna na 1 ni kamili, na hakikupungua sana hata alipoondoa mchango wa akili. Mwaka 2012 Michelle Richardson na wenzake walipata 0.19 kwa wanafunzi wa vyuo vikuu. Tarakimu hizi husomwa vibaya sana. Uhusiano wa 0.22 ukiupandisha kipeo cha pili unapata 0.05 hivi: asilimia 5 ya tofauti za alama kati ya wanafunzi. Ni mchango wa kweli, lakini unaacha nafasi kubwa mno kwa mazingira, na hausemi kabisa kwamba mtu mmoja akishuka alama basi uwajibikaji wake umeshuka.

Kuhusu kazi, ushahidi tunaouamini zaidi unatoka Berea College, Kentucky, Marekani. Chuo hiki humtaka kila mwanafunzi afanye kazi angalau saa 10 kwa wiki, na hakitozi ada ya masomo. Ralph na Todd Stinebrickner, katika utafiti wao wa mwaka 2003, walionyesha kwamba ukilinganisha juujuu wanaofanya kazi saa nyingi na wanaofanya chache, huoni madhara. Walipozingatia kazi ambayo chuo chenyewe kilimpangia mwanafunzi, ili kuondoa suala la nani kajichagulia saa nyingi, madhara yakaonekana: saa za ziada zilishusha alama. Kinachofunika madhara ni kwamba anayethubutu kuongeza saa mara nyingi ni yule anayejiweza. Anaonekana hajaathirika kwa sababu tunamlinganisha na mwenzake dhaifu, badala ya kumlinganisha na yeye mwenyewe asingefanya kazi.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mwanafunzi wetu mwaka wa kwanza muhula wa pili. Alipata 3.6 huku akifanya kazi wikendi, wengi darasani wakiwa na 3.2 bila kazi yoyote. Kila mtu akamwona anaweza kubeba zaidi, na yeye mwenyewe akaamini. Hakuna aliyekumbuka kwamba alitoka 4.0.

Jambo jingine ni aina ya kazi. Adam Butler, mwaka 2007, aliwachunguza wanafunzi wanaofanya kazi akaona kwamba kazi inayoshabihiana na masomo husaidia, na kwamba madai mazito ya kazi na saa nyingi huzidisha mgongano. Msusi anayepanga miadi yake mwenyewe anaweza kufunga wiki ya testi. Wakala hawezi. Na usidanganyike kwamba mwanafunzi wa uhasibu akishika pesa anasoma uhasibu. Kufunga hesabu ya kibanda ni kujumlisha na kulinganisha. Baada ya mwezi wa kwanza hakuna jipya analojifunza.

Hatukumpa dodoso la hulka, na tunashauri tahadhari kwa anayetaka kulitumia. Mwaka 2019 Rachid Laajaj na wenzake, katika jarida la Science Advances, walionyesha kwamba madodoso haya yakitumiwa kwenye usaili katika nchi za kipato cha chini na cha kati mara nyingi hayapimi kinachodaiwa kupimwa. Matendo yanasema vizuri zaidi: tarehe za kuwasilisha kazi, mahudhurio, daftari la kibanda, saa alizoandika. Kwa vipimo hivyo yuko juu kwa kutimiza wajibu aliokabidhiwa na mtu, na ni wa kawaida kwa wajibu anaojipangia peke yake. Ni sehemu mbili za hulka moja, na kwake zimeachana.

Kuna upole pia. Mwenye kibanda ni mama wa makamo aliyempokea kama mwanawe. Kila alipomwambia "mwanangu nishikie na Alhamisi," jibu lilikuwa "sawa mama." Zamu tatu za jioni alizoanza nazo Oktoba zikawa sita kabla ya Desemba bila kikao chochote. Wasiwasi wake ulikuja juu ya hayo yote: aliogopa shoti kila usiku. UE ilikuwa bado mbali, haikumtisha.

Kilichofanyika muhula wa pili

Jambo la kwanza lilikuwa zamu, kutoka sita hadi nne: Jumatatu, Jumanne, Ijumaa na Jumamosi. Jumatano na Alhamisi ziliachwa wazi kwa sababu semina mbili za hesabu ziliangukia siku hizo. Saa zikashuka kutoka 36 hadi 24. Tungependa zishuke chini ya 20, maana tafiti nyingi za Marekani zinaonyesha madhara huwa makubwa kuanzia hapo, lakini mfuko haukuruhusu.

Mshahara ulishuka hadi 130,000, pengo la 70,000. Lilizibwa hivi. Ya nyumbani ilipunguzwa kutoka 60,000 hadi 40,000 kwa miezi ya masomo, kwa makubaliano na mama yake kwamba likizo itarudi juu. Nauli ya kwenda na kurudi siku mbili kwa wiki iliokoa kama 10,000. Kila usiku wa zamu alikuwa akila chipsi mayai za 3,000 kwa sababu saa 5 hakuna anayewasha jiko. Usiku mbili kwa wiki zikaokoa takribani 25,000, na chakula kikapikwa kwa zamu na mwenzake wa chumba. Zilizobaki 15,000 zikatolewa kwenye bumu. Hakuna pa kuvuta tena baada ya hapo. Mwanafunzi anayeambiwa apunguze saa bila kuonyeshwa pengo linazibwaje atarudi zamu sita kabla ya wiki ya nne.

Mazungumzo na mwenye kibanda yaliandaliwa kwa maneno kamili, kwa sababu mtu mpole akienda bila maneno hurudi na zamu ya saba. Alikwenda asubuhi, kibanda kikiwa kimya:

"Shikamoo mama. Nimekuja tuongee kuhusu zamu kabla chuo hakijafungua. Muhula uliopita nimefeli somo moja. Nataka niendelee kukufanyia kazi vizuri hadi nimalize, kwa hiyo nakuomba nishike siku nne. Hizi hapa tarehe za testi na za UE, nimekuandikia. Tarehe 24 hadi tarehe 5 nitakuwepo siku zangu zote nne, isipokuwa hizi mbili nilizopigia mstari. Likizo nitashika wiki nzima."

Mambo matatu yalibeba ombi hilo: lilikuja mapema, lilikuwa na tarehe, na lilimpa mama kitu anachokihitaji, yaani uhakika wa siku za mishahara na mtu wa kushika kibanda likizo. Alikubali, akamwongeza kijana mwingine siku mbili.

Jambo la pili ndilo kiini. Masomo yalifungwa hesabu kila usiku kama kibanda. Daftari dogo, mistari mitano kwa masomo matano, na mwenzake mmoja wa darasani aliyepewa kazi ya kuuliza kila saa 2 usiku siku zisizo za zamu, na saa 1 asubuhi siku zinazofuata zamu: "umefungaje?" Maneno yale yale ya tajiri yalitumika kwa makusudi. Kwamba mtu wa karibu hubadilisha kiasi cha kusoma si jambo la kudhani. Hao hao Stinebrickner, mwaka 2008, walionyesha Berea kwamba mwanafunzi aliyepangiwa bila kuchagua mwenzake wa chumba mwenye mashine ya michezo ya video alisoma muda mfupi zaidi na alama zake zikashuka.

Wiki tatu za kwanza daftari lilikuwa zuri na halikusaidia chochote. Liliandika saa. Akaandika saa 19, saa 21, saa 20, na jaribio dogo la wiki ya nne akapata 4 kati ya 10. Alipoulizwa saa zile zilifanya nini, ikaonekana amenakili madesa upya kwa kalamu za rangi. Kipimo kilikuwa saa, akazalisha saa. Mtu mwajibikaji humletea anayeuliza kile hasa kilichoulizwa, kwa hiyo aliyekosea hapa ni aliyeuliza. Kuanzia wiki ya tano mstari ulibadilishwa: idadi ya maswali yaliyomalizwa hadi mwisho bila kufungua mfano, na namba ya swali alilokwama. Lengo lilikuwa maswali 12 kwa wiki kwa kila somo la hesabu. Namba za kukwama zilipelekwa semina ya Jumatano au Alhamisi, na kwa mara ya kwanza alikuwa na kitu cha kuuliza huko.

Saa nazo zilipangwa upya kwa umbo lake. Maswali yalipewa jioni mbili zilizo wazi, saa tatu tatu mfululizo, na Jumapili asubuhi. Vipande vya dakika 40 vikabaki kwa madesa na fasili, kwenye vimbweta (meza za nje za chuoni), simu ikiwa ndani ya begi. Usiku wa baada ya zamu hakusoma kabisa. Huo alilala, na usingizi ukafika wastani wa saa 7 kwa usiku.

Wiki ya nane mfanyakazi mwingine aliacha kazi ghafla. Mama akaomba, na mwanafunzi akashika zamu sita kwa wiki mbili. Daftari likabaki tupu siku tisa. Kilichookoa ni kwamba makubaliano yalikuwa na tarehe: testi ya pili ya somo la Uhasibu wa Gharama ilikuwa kwenye ile karatasi, imepigiwa mstari, na mama mwenyewe alimwambia aende. Bila karatasi ile asingeomba.

Matokeo ya muhula yalikuwa B+ mbili na B tatu. Pointi 17, yaani 3.4. Masomo mawili ya hesabu yote yamo kwenye zile B. Jumla sasa ni pointi 68 kwa masomo 20, yaani 3.4 ile ile. Sapu ya takwimu inafanyika Septemba. Akifaulu atapewa C, D itaondoka, na pointi zitakuwa 69, sawa na 3.45, ambayo bado inasomeka 3.4, kwa sababu vyuo vingi hukata tarakimu baada ya desimali ya kwanza bila kukuza. Kufika 3.5 anahitaji pointi 36 katika masomo kumi ya mwaka wa tatu: B+ sita na B nne.

Kinachotutia wasiwasi ni Agosti na Septemba. Fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, inachukua wiki nane, saa za ofisi, Jumatatu hadi Ijumaa. Ameahidi kushika kibanda wiki nzima likizo, na sapu iko katikati ya yote. Tumemshauri arudi kwa mama kabla ya Julai kuisha na karatasi mpya: jioni tatu na Jumamosi wakati wa fildi, bila zamu yoyote siku kumi kabla ya sapu, kisha wiki nzima hadi chuo kifunguliwe. Maswali ya takwimu yanaendelea kwenye daftari, 12 kwa wiki, na mwenzake wa kuuliza anakwenda fildi Dodoma, kwa hiyo swali la saa 2 usiku litakuja kwa simu.